Jivu Kwenye Ndoo Zako

Mlola, jioni

Zaka mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga kwa baba zako wadogo, na najua kule hutoki bila kunywa chai nyumba tatu, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na daftari lako la zamani la Jiografia. Nimelikuta na kurasa nyingi nyeupe, na hilo peke yake linatosha kuniambia ulivyokuwa unasoma. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, tena la zamani. Vumilia.

Sitakuandikia habari za kufua mashati yako mapema, wala ukae vipi na mjomba wako dukani, wala joto la Tanga. Hayo nimekusemea wiki nzima mpaka ukawa unaitikia kabla sijamaliza. Lipo jingine lililonishinda kusema kwa mdomo, na wewe unajua mdomo wangu si wa kushindwa. Tangu kipupwe nimelileta mpaka kwenye ulimi mara nyingi, nikaishia kukuuliza kama umekula.

Nianze na lenyewe, maana nikizunguka nitaghairi. Zile bluberi zako za kwenye ndoo hukuziua wewe. Niliziua mimi.

Soma tena hapo ukitaka, halafu endelea. Nataka ujue ilivyokuwa, yote, na usinitafutie udhuru kabla sijamaliza kusema. Una tabia hiyo, umeichukua kwa marehemu baba yako.

Unakumbuka siku mlipozileta, wewe na rafiki yako Hoza. Miche kumi na minne imefungwa kwenye magazeti mabichi, mmeipakata kutoka Lushoto kama watu waliobeba mayai. Hoza alikuwa ameipata kwa mtu wake wa Arusha, akajibakizia sita kwake, kumi na minne akakupa wewe kwa sababu wewe ndiye mwenye baraza linalopata jua la asubuhi. Mkakusanya ndoo tupu za rangi, mkatoboa matako yake kwa msumari wa moto kwenye moto wangu, jikoni kukanuka plastiki siku mbili. Nikawauliza, watoto nyie, shamba lote hili alilotuachia marehemu, mnakwenda kupanda kwenye ndoo? Hoza akacheka. Wewe ukaacha kazi ukanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni njia.

Ulisema udongo wetu wa bustanini umekula jivu na samadi miaka mingi, hauna tena uchachu, na mmea huu ni kama chai, bila uchachu hauishi. Ulisema kwenye ndoo mtu anaupa udongo anaoutaka. Mkaenda kuchota chini ya misonobari kule juu, ule udongo mweusi wenye majani yaliyooza, mkauchekecha, mkauchanganya na magome yaliyosagika. Maji ya bomba ukayakataa, ukaweka pipa chini ya paa likinge mvua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo wangu. Nilisikia kila neno, Zaka. Asije mtu akasema sikujua.

Lakini kusikia ni kitu kimoja. Mimi nimekulea kwa udongo huu. Karoti zangu, kabichi zangu, viazi vyangu, wanawake wa kwaya wanakuja kuuliza nimefanyaje, nami nawaambia, na wakifanya kama nilivyowaambia wanapata. Halafu mwanangu mwenyewe anaushika udongo na kuuliza simu. Sikukuambia kuwa liliniuma. Nikafanya mzaha, nikaziita zambarau za Wazungu, na jina likasambaa mpaka kanisani.

Mwaka wa kwanza zikatoa maua, vikengele vidogo vyeupe vinavyotazama chini. Nikafurahi kimoyomoyo. Nikatoka asubuhi nikakukuta unayang'oa, ua baada ya ua, unayaweka kwenye kofia yako. Nilihisi kama naona mtu anafanya dhambi. Nikakwambia, "Zaka, mti unazaa wewe unautoa mimba?" Ukasema, "Mama, bado mdogo. Ukimwacha azae sasa mizizi haitakaa." Nilikwenda kwa jirani nikasema mwanangu amechanganyikiwa.

Mwaka wa pili ukayaacha, yakawa matunda. Ukaniletea matano kwenye kisosi, ya kwanza kabisa, hukuwa umeonja hata moja. Nakumbuka ulivyosimama. Nikatafuna, nikasema, "Ni maji ya zambarau tu haya, tena yamechacha." Ukatabasamu, ukachukua kisosi. Sasa nikwambie la kweli: ulipokwenda dukani nilitoka nikachuma mawili mwenyewe, nikayala nimesimama nyuma ya pipa kama mwizi. Yalikuwa matamu. Ungepungukiwa nini wewe, ningepungukiwa nini mimi, kama ningesema?

Watu wa ile hoteli ya kule juu wakaja kuonja, wakakuambia mwaka unaofuata uwaletee kila juma. Ukaanza kupanga ndoo hamsini. Ulikuwa unapiga mluzi ukioga. Nyumba hii haikuwa imesikia mluzi tangu tumzike baba yako, na mimi, badala ya kushukuru, nilikuwa nasikiliza mluzi huo na kujiambia, haya, tuone.

Basi ndipo ukaja msiba wa shangazi yako kule Magoma. Mimi miguu ilikuwa imenivimba, ukaenda wewe kwa niaba ya nyumba, siku tano. Asubuhi ya kuondoka ulinipeleka barazani, ukanionyesha pipa na kikombe. "Mama, kikombe kimoja kila ndoo, siku moja ndiyo siku moja hapana. Usiongeze kitu kingine. Na jivu, mama. Jivu hasa, usiweke." Nikakujibu, "Kwani mimi mtoto?"

Ilikuwa katikati ya kipupwe. Ukungu haukuinuka siku mbili nzima. Siku ya tatu nikatoka na kikombe nikakuta majani yamekuwa mekundu, mekundu ya kutisha, kuanzia kwenye ncha. Nikasema, zinakufa mikononi mwangu, na mwenyewe yuko Magoma. Baadaye ulikuja kuniambia kuwa yanakuwa hivyo kwa baridi tu, na jua likirudi yanarudi. Hukuwa umeniambia kabla. Lakini hata hilo silishiki kama fimbo ya kutembelea, maana simu nilikuwa nayo, na namba yako naijua kwa kichwa. Sikupiga. Nilitaka urudi ukute zimepona, uniulize umefanyaje mama, nikwambie.

Kila asubuhi ya maisha yangu nimezoa jivu la mafiga nikalipeleka mahali. Migomba, sukumawiki, vitunguu, hata ule mparachichi uliokuwa unakufa ukafufuka. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Mgonjwa wa tumbo utampa uji, mmea mgonjwa utaupa jivu, hakuna anayeuliza. Nikazoa, nikachekecha lisiwe na makaa, nikaenda ndoo hadi ndoo. Konzi mbili kila moja. Nikainua yale majani ya misonobari uliyotandaza juu, nikalichanganya na udongo kwa vidole polepole nisiguse mizizi, nikarudisha majani yakakaa kama yalivyokuwa. Nikanywesha maji. Nilifanya vizuri, Zaka, kwa upendo wote nilio nao. Na yale majani niliyarudisha ili usione. Hapo ndipo ninapokamatika. Mtu asiyejua kuwa anakosea hafichi.

Ukarudi, jua likarudi, wekundu ukaondoka, na kwa wiki moja nilitembea kichwa juu. Halafu ukaanza unjano. Jani linageuka njano lote, mishipa inabaki kijani, kama ramani. Ukaketi barazani na simu, unalinganisha picha. Jioni ukaingia humu jikoni, mimi namenya viazi, ukasema, "Mama, inaonyesha udongo umepoteza uchachu. Sielewi. Kuna mtu aliweka kitu nilipokuwa sipo?"

Nikasema, "Nani aweke?"

Sikusema hapana, unaona. Nilichagua neno ambalo si uongo kabisa, nikafikiri nimepona. Ukasimama kidogo. Kisu changu hakikusimama. Ukasema tena, ukijisemea zaidi kuliko kuniambia, "Ningejua ni nini, ningebadilisha udongo leo leo, zingepona. Lakini kama ni ugonjwa wa mizizi, nikizigusa ndiyo nazimaliza." Ukatoka ukaenda kukaa nazo.

Hapo sasa. Jivu lilikuwa kosa la mtu mjuaji, na kosa kama hilo lina dawa. Uliitaja dawa yenyewe nikiwa nakusikia. Ningesema neno moja pale kwenye viazi, ungekasirika, ungenifokea labda, kisha ungepanda kule kwenye misonobari na gunia, na leo barazani kungekuwa na ndoo kumi na nne. Mimi nikamenya kiazi. Siku ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana sasa ilibidi niseme la jivu na niseme la kunyamaza. Ya tatu ikawa ngumu zaidi. Ukafika wakati nikawa nataka zife haraka ili yaishe. Nilitaka kulifuta hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka zife.

Na wewe ulihitaji mtu wa kumlaumu, kama kila mtu. Ukashuka Lushoto siku ya soko, ukamkuta Hoza kwenye meza yake ya miche, ukamwambia mbele ya wateja kuwa amekupa miche migonjwa. Ulirudi ukaniambia mwenyewe, umekaa hapo kizingitini, unajutia maneno lakini huyafuti. Nyie mmesoma pamoja, mmelala kitanda kimoja bwenini miaka minne. Nilikuwa nimebakiwa na nafasi nyingine, nzuri, nimeletewa mpaka mlangoni. Nikakwambia, "Dunia ndivyo ilivyo, marafiki wa siku hizi." Mungu anisamehe. Nilimtoa mtoto wa watu kafara ili mboga zangu zibaki na jina.

Baada ya hapo nilikutana naye mara moja karibu na ofisi za wilaya. Aliinama, akasema shikamoo mama, vilevile kama zamani, haikupungua hata kidogo. Nikavuta khanga usoni kama mtu asiyesikia. Nikapita.

Sasa nifike kwenye lile neno. Wanawake wa kwaya walipokuja, mmoja akauliza, na zile zambarau za Wazungu vipi? Nikacheka, nikasema, "Zaka hana mkono. Amemrithi baba yake." Wakacheka wote. Nikageuka, nikakuona umesimama mlangoni na birika la chai ulilokuwa unatuletea.

Wewe hujui neno hilo limetoka wapi, sikuwahi kukuhadithia. Nyumbani kwa baba yangu, msimu wa maharage, watoto tulipangwa mstari. Wenye mkono, wale ambao wakipanda kitu kinaota, walidondosha mbegu. Wasio na mkono walifuata nyuma, wanafukia kwa mguu. Nilipokuwa na miaka kumi hivi nilidondosha matuta mawili hayakuota. Labda mbegu zilibunguliwa, labda panya, hakuna aliyechimba kutazama. Baba akasema, "Huyu hana mkono, afukie." Akasema tu hivyo, hata hakukasirika. Nikafukia mpaka nilipoolewa. Kila mwaka, wadogo zangu wanapita mbele yangu na vibuyu vya mbegu, mimi nyuma na mguu wangu. Na usifikiri nilikuwa nalia. Nilizoea. Nilifika mahali hata mtu akinipa mche wa ua nasema mpe mwingine, mimi nitauua.

Nikaja hapa kwa baba yako. Msimu wa kwanza tukatoka shambani sisi wawili, akanikabidhi kibuyu. Nikamwambia, mimi sina mkono, kwetu wananijua, dondosha wewe mimi nifukie. Baba yako alikuwa mtu wa maneno machache, unamkumbuka. Alichukua jembe akaanza kuchimba mashimo, akasema bila kugeuka, "Dondosha." Nikadondosha. Yakaota, shamba zima, hata pembezoni. Hakusema chochote kuhusu hilo, si siku ile wala maisha yake yote. Karoti zangu, kabichi zangu, lile jina langu lote kanisani, limetoka kwenye neno lile moja la baba yako.

Na huyo ndiye niliyemtaja mbele ya wageni kuwa hana mkono, kisha nikakuvisha wewe. Nililijua neno lile kuliko mtu yeyote aliyekuwa chumbani. Nilijua linavyokaa mwilini. Nilijua pia kuwa ni uongo. Nikalitoa, kwa sababu mtu akiuliza habari za bluberi ilibidi pawe na jibu, na jibu la kweli lilikuwa mimi.

Kesho yake ulizibeba ndoo moja moja mpaka korongoni, ukamwaga. Nilikutazama kutoka dirishani. Ndoo ya mwisho uliishika muda mrefu, ukatia mkono ndani ya udongo, nikafikiri sasa atanusa, sasa atajua. Hukunusa. Baada ya hapo mjomba wako akapiga simu kuhusu duka, na wewe ambaye ulikuwa umemkataa mara mbili ukasema ndiyo kabla hajamaliza. Juzi nimekusikia unamwambia jirani, "Mimi na shamba basi. Kuna watu wamepewa, mimi sikupewa." Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikarudi ndani nikaketi kitandani. Ilikuwa sauti yangu ya zamani, ya kusema mpe mwingine.

Ndiyo maana leo asubuhi, nilipokwambia nakwenda Lushoto kununua foronya, sikwenda kununua kitu. Nilikwenda kwa Hoza.

Nimemkuta nyumbani kwao, hakuwa sokoni. Ndoo zake sita ziko pembeni ya jiko, zimejaa majani mazito, zina matunda mabichi yameshikana. Miche ileile, gazeti lileile. Nimesimama pale nikazitazama, na nilichokuwa nimejiandaa kusema kikanitoka chote. Nikamwambia tu, "Hoza, niliweka jivu." Amenielewa hapohapo. Hakuniuliza jivu gani.

Akasema, "Mama, mimi nilijua si miche. Nilidhani amezizamisha kwa maji, nikamcheka moyoni, nikasema atanifuata mwenyewe. Kumbe alikuwa sahihi kushangaa." Halafu akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akaniinamishia kichwa kwa heshima kabisa, akasema, "Basi mama, mimi si wa kuambiwa kwanza." Nimezeeka, nimefundishwa na mtoto wa rika la mwanangu. Wakati naondoka akaniambia kesho atakuwa stendi ya Lushoto saa moja na nusu, basi lako likipita. Amesema ukitaka kushuka ushuke, ukitaka kupita upite, yeye atakuwepo tu. Ndoo sikuzitaja tena, naye hakuzitaja.

Njiani kurudi nimefikiria mengi ya kukuusia, yote nimeyaona hayafai. Mimi si mtu wa kukuusia ukweli. Nikwambie tu nilichokiona kwa macho yangu, ufanye nacho utakavyo. Nimeona kuwa jambo unalolijua sana ndilo la kuogopa, kwa sababu kwenye hilo huulizi. Nimeona kuwa mtu akikuuliza swali akiwa amesimama mlangoni, lile ndilo swali lenyewe, halirudi likiwa jepesi. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzaa, nikaficha, na nusura nimpoteze niliyemzaa. Kama utakuja kuwa na watoto, na mmoja asioteshe kitu, chimba kwanza utazame mbegu.

Sikuandikii ili ubaki. Nguo zako zimefungwa, mjomba anakungoja, na duka la vifaa vya ujenzi si jela. Pengine utalipenda, utakuwa tajiri, utanijengea choo cha ndani nikuombee. Nenda. Lakini uende kwa sababu umetaka Tanga. Usiende kwa sababu hapa kuna mwanamke alikuambia hukupewa. Ulipewa, Zaka. Ulikuwa na udongo sahihi, maji sahihi, ulikuwa na subira ya kung'oa maua kwa mikono yako mwenyewe, ambayo mimi mpaka leo sina. Zilikubali kwako miaka miwili. Zilikataa kwangu kwa siku moja.

Jumapili, baada ya ibada, nitawaambia wale wanawake wa kwaya. Sikufanyi shahidi, utakuwa umeshaondoka. Hilo ni langu. Watacheka au hawatacheka. Nimewalisha karoti miaka mingi, wataweza kunivumilia na jivu.

Sijui utanifanyaje. Nimekaa nikijaribu kuona uso wako ukisoma, siuoni. Nimeona tu mgongo wako, ule wa siku ya korongoni. Kama utakasirika, kasirika hata kwa mwaka, nitakuwa hapa. Usinisamehe haraka kwa sababu mimi ni mama na kesho ni safari. Hiyo nayo itakuwa namna ya kufunika, na sisi nyumba hii tumefunika vya kutosha.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii kwenye begi lako, chini kabisa, kati ya mashati, uikute ukiwa umeshafika Tanga na mimi niko mbali na macho yako. Nilishaikunja mara moja hivyo. Nimeikunjua. Ningefanya hivyo ningekuwa nimerudisha tena majani juu ya jivu.

Nasikia sauti yako huko barabarani, unaagana na mtu. Ugali uko mezani na kuku nimemchinja, si kwa kukuhonga, ni kwa sababu unasafiri. Lakini hatutaanza. Utanawa mikono, nitakupa karatasi hizi, utazisoma zote hapo kwenye kiti chako, mimi nikiwa nimesimama jikoni. Chakula kitapoa, kipoe. Sitaki ukae ule na mimi leo hujui unakula na nani.

Ni mimi,
Mama yako